Mshale, gobole na waya: historia ya usasi kati ya Shinyanga na Geita

Silaha za wasasi wa Usukumani zilianzia kwenye matanuri ya Warongo. Wahunzi hao wa upande wa Geita na Biharamulo waliyeyusha mawe yenye chuma kwa mkaa na mivuo, wakafua majembe, mikuki na vyembe vya mishale. Jembe ndilo lililowapa sifa, lakini bila chembe cha chuma kilichopakwa sumu ya mimea upinde usingefaa kwa mnyama mkubwa. Vifaa vingine havikuhitaji mhunzi: mtego wa shimo, tanzi la kamba, rungu, na mbwa.

Usasi wenyewe ulikuwa kazi ya mafundi waliojiunga katika vyama. Bayege waliwinda tembo, banunguli waliwafuata nungunungu mashimoni, bayeye walishika nyoka na kutibu walioumwa. Kila chama kilikuwa na dawa zake, nyimbo zake na masharti ya kumpokea mwanafunzi. Wanyama wanaokula mifugo, hata hivyo, hawakuwa na chama kimoja. Simba alipoingia zizini ulipigwa mwano, ile kelele ya hatari inayomtoa kila mwanamume nyumbani na silaha yake, na ngozi ya simba au chui ilipelekwa kwa mtemi. Fisi alikuwa na kesi yake. Wengi waliamini kwamba baadhi ya fisi hufugwa na wachawi wanaowapanda usiku, hivyo kumuua mmoja kulikuwa kujitafutia ugomvi na mwenyewe asiyejulikana. Pengine hofu hiyo ilimlinda fisi kuliko sheria yoyote iliyokuja baadaye.

Karne ya 19 misafara ya pembe ilipopita Tabora ilileta magobole kwa wingi. Gobole hushindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni, hupigwa mara moja, na baruti ikilowa halifai kitu. Kwa kuwindia mbweha au fisi gizani lilikuwa duni kuliko mshale. Thamani yake ilikuwa kwa tembo, na vitani. Wajerumani waliweka amri ya uwindaji mwaka 1896, Waingereza wakatunga sheria yao mwaka 1921, na tangu hapo bunduki ikawa kitu cha kibali. Upinde haukuhitaji karatasi, tena haukuwa na mlio wa kumwita askari. Ndiyo maana silaha ya zamani ilidumu kijijini muda mrefu baada ya mpya kufika.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na mbung'o. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi sana, malisho yakageuka vichaka, na mbung'o wakaenea humo pamoja na ugonjwa wa nagana. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika tangu mwaka 1919, aliifanya Shinyanga kuwa kitovu cha utafiti wa mdudu huyo, na aina moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni, ina jina lake. Yeye alitegemea zaidi moto na kufyeka vichaka, kazi iliyofanywa na maelfu ya wanakijiji chini ya watemi wao. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kituo hicho hicho kilijaribu njia nyingine: kuwaua wanyamapori wakubwa ili mbung'o wakose damu. Watafiti Potts na Jackson walichapisha matokeo mwaka 1952, nayo yalionyesha kwamba mbung'o walipungua sana. Hapa bunduki ilitumika kwa kiwango ambacho hakuna chama cha wasasi kilichowahi kukifikia, na aliyeishika alikuwa mwajiriwa wa serikali. Inashangaza kwamba mwanakijiji wa miaka hiyo angeweza kushtakiwa kwa swala mmoja.

Baada ya uhuru serikali ilifunga uwindaji nchini kote kuanzia mwaka 1973 hadi 1978, na sheria mpya ya wanyamapori ikapitishwa mwaka 1974. Usasi wa siri ukahamia kwenye waya: tanzi la waya ni rahisi, halitoi sauti, na humnasa yeyote apitaye, awe digidigi au mbwa wa jirani. Upinde nao ukapata kazi nyingine. Baada ya vita vya Kagera wezi wa ng'ombe walipata bunduki, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Kahama na Shinyanga viliunda vikundi vya ulinzi vya sungusungu, vikiwakimbiza wezi hao kwa mwano, filimbi na mishale ya sumu. Zilikuwa mbinu zile zile za kumwandama simba.

Wanyama wenyewe walikuwa wamebaki wachache, kwa sababu vichaka vilikwisha kwa mashamba, mifugo na kuni, na upande wa Geita kwa machimbo ya dhahabu pia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili majani na miti vichipue, hadi zikapita hekta 300,000. Miti iliporudi, ndege na wanyama walirudi, na fisi akawa miongoni mwao, jambo ambalo wafugaji hawakulipigia makofi. Leo mfugaji aliyekata tamaa huweza kutia dawa ya wadudu kwenye mzoga, njia mbaya kuliko zote, kwani huua pia tumbusi na mbwa.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inamruhusu mtu kumuua mnyama anayehatarisha maisha au mali yake, ila lazima atoe taarifa, na mnyama aliyeuawa ni nyara ya serikali. Aliyepoteza mifugo kwa wanyama wakali anaweza kuomba kifuta jasho kwa kanuni za mwaka 2011.