Nyasi Bila Masuke

Nyasi zina kiburi. Mti utautambua kwa gome, kwa utomvu, kwa harufu ya jani ulilolisugua kiganjani; nyasi hazikupi jina mpaka zitoe masuke. Sisi tuliofanya kazi ya kukausha mimea tulifundishwa hilo mapema. Unarudi na fungu la majani mabichi, mazuri kabisa, na mzee wa hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa, anakuuliza jambo moja tu: "Masuke yako wapi?" Kama huna, umeleta malisho.

Kazi hii kwetu ina umri. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti Amani, milimani Usambara, na hapo ndipo yalipoanza makusanyo yaliyohamishiwa Nairobi mwaka 1950, leo Hebaria ya Afrika Mashariki. Mwaka 1952 bustani ya mimea ya Kew, kule Uingereza, ikaanza kutoa vitabu vya mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Kitabu cha mwisho kilitoka 2012. Miaka 60! Nyasi peke yake zilikula juzuu tatu: 1970, 1974 na 1982. Ukizifungua, karibu kila njia ya kufikia jina inapita kwenye suke: vishuke vimepangwaje, ganda lipi lina unywele, unywele umepinda au umenyooka.

Shida ni kwamba punda milia hangoji masuke. Anakula hata jani lisilo na suke, na aliyetaka kujua kala jani gani ilimbidi afuate kinyesi. Tangu miaka ya 1960 watafiti wa wanyamapori nchini Kenya walikuwa wakiosha kinyesi, wakitoa vipande vya ngozi ya jani na kuvilinganisha chini ya hadubini, seli kwa seli. Nimeikalia hadubini hiyo. Shingo inakufa ganzi, na mara nyingi unaishia kuandika "nyasi", basi.

Mwaka 2003 Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alipendekeza kila kiumbe kitambuliwe kwa kipande kifupi cha DNA, kama bidhaa dukani kwa msimbopau wake. Kwa wanyama lilikubali upesi. Mimea ikagoma, maana kipande kilichowafaa wanyama hubadilika polepole mno kwenye mimea. Mwaka 2009 ndipo wataalamu walipokubaliana kutumia vipande viwili vya kloroplasti, ile sehemu ya kijani ya seli: rbcL na matK. Kwenye kinyesi, ambako DNA imeshakatikakatika, hutumika kipande kifupi zaidi cha trnL.

Utafiti wa namna hiyo ninaoupenda ulifanyika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, na kuchapishwa 2015: wanyama saba, sita wa porini na ng'ombe. Punda milia wa kawaida alionekana kula nyasi zaidi ya asilimia 99. Digidigi, chini ya asilimia 1. Hayo mchungaji yeyote angekwambia bila maabara. Kubwa lilikuwa jingine: hata wanyama wawili wa umbo linalokaribiana, wote wala nyasi, wote wa eneo lilelile, hawakuwa na mlo mmoja. Kila mmoja alichagua nyasi zake. Yale maandishi yetu ya "nyasi" yalikuwa yamefunika yote hayo.

Nilisikia vijana wakisema hebaria sasa zifungwe. Lakini mashine ya DNA inasoma herufi tu. Jina inalitoa kwenye maktaba ya misimbopau, na maktaba ya Laikipia, yenye spishi zaidi ya 400, ilijengwa na watu waliochuma mmea mzima, wakatia kipande cha jani kwenye chembe za silika zikikaushe haraka, DNA isiharibike, na uliobaki wakaukandamiza kwenye magazeti ili mjuzi auhakiki. Jani lisilo na karatasi yake hebaria halina wa kulidhamini.

Tena vipande hivyo vyote ni vya kloroplasti, na kloroplasti kwa kawaida hurithiwa kwa mama. Nyasi nazo huchanganya damu ovyo, na chotara atasomeka kwa jina la mama yake tu. Baba, kama yumo kabatini, itabidi mtu amtafute kwa macho.