Mazoezi na Mazoea: Siha ya Wanachuo wa Amherst katika Karne ya 19

Neno mazoezi limetokana na kitenzi zoea, kwa njia ya zoeza. Mazoea na mazoezi ni ndugu wa tumbo moja: la kwanza lataja hali ya mtu aliyekwisha kuzoea jambo, la pili lataja kazi ya kujizoeza jambo hilo. Wasomaji wa jarida hili hawana haja ya kufundishwa asili hiyo, lakini yafaa tuikumbuke tutazamapo historia ya chuo kimoja cha Marekani. Maana mashindano ya wataalamu wa huko juu ya siha ya wanachuo yalihusu, kwa sehemu kubwa, swali lililomo ndani ya maneno hayo mawili: je, mazoezi ya mwili ni tendo la hiari la mtu mwenye shauku, au ni mazoea ambayo chuo chenyewe hakina budi kuyajenga?

Jaribio la kwanza lilitegemea shauku. Katika mwaka 1825 Charles Beck, Mjerumani aliyeikimbia nchi yake, alianza kufundisha mazoezi ya viungo katika shule ya Round Hill, mjini Northampton, jimbo la Massachusetts. Mwaka uliofuata Mjerumani mwenziwe, Charles Follen, aliwafungulia wanachuo wa Harvard uwanja wa mazoezi. Mwanzoni wengi walivutwa na jambo hilo jipya. Miaka michache haikupita ila moto ule ulizimika, na wanachuo wakarudi kuketi juu ya vitabu vyao kama zamani. Hakuna aliyewakataza kufanya mazoezi. Lililokosekana ni utaratibu wa kuwashika mkono siku ambayo shauku ingewatoka.

Chuo cha Amherst, kilichoko jirani ya Northampton, kilipata somo lake kwa uchungu. Katika mwaka 1859 William Stearns, rais wa chuo hicho, aliwaeleza wadhamini kwamba wanafunzi wengi walikuwa wakivunjika afya, hasa baada ya miezi ya baridi kali, na kwamba wengine walilazimika kuacha masomo kabla ya kuyatimiza. Kwake yeye hilo halikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja; lilikuwa ni kosa la chuo. Mwaka 1860 likajengwa jumba la mazoezi, likaitwa kwa jina la Daktari Benjamin Barrett, na ikaanzishwa kazi ya profesa wa elimu ya siha. Profesa wa kwanza, John Hooker, hakudumu. Daktari huyo aliyeletwa kulinda afya za wengine aliiacha kazi mwaka uliofuata kwa sababu ya maradhi yake mwenyewe.

Badala yake aliwekwa, mwaka 1861, Daktari Edward Hitchcock, aliyezaliwa mwaka 1828 na kusoma katika chuo hicho hicho kabla ya kusomea utabibu Harvard. Alikaa katika kazi hiyo miaka 50, hata alipofariki mwaka 1911. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kuelezwa. Wanafunzi wa kila mwaka walifika jumbani pamoja kwa nusu saa, siku nne katika juma, chini ya nahodha aliyetoka miongoni mwao. Kila mmoja alishika mikononi vipande viwili vya mti vilivyonenepa pande zote mbili na kuwa vyembamba katikati. Kinanda kilipigwa, nao wakavinyosha na kuvikunja viungo kwa mapigo yake. Vipande hivyo vilikuwa vyepesi makusudi, maana aliyetafutwa hapa si pahalwani. Alitafutwa kijana wa kawaida, pamoja na yule dhaifu ambaye asingethubutu kupanda kamba mbele ya wenziwe. Na mahudhurio yalihesabiwa kama yalivyohesabiwa mahudhurio ya masomo mengine. Zaidi ya hayo Hitchcock aliwafundisha wanachuo umbo la mwili na namna ya kuutunza, na aliweka hesabu ya waliougua.

Hitchcock alipenda sana kupima. Kwa miaka mingi aliandika urefu na uzito wa kila mwanachuo, mzingo wa kifua na wa mkono, na wingi wa pumzi mapafuni. Hazina hiyo ya tarakimu ilimpatia sifa, na mwaka 1885 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama cha walimu wa mazoezi ya mwili nchini Marekani. Hata hivyo yapasa mwanahistoria awe na hadhari. Wastani wa vifua vya vijana wa Amherst ulieleza vijana wa Amherst: wanaume tupu, wengi wao wenye asili moja na maisha yanayofanana. Kuufanya wastani huo kipimo cha siha ya binadamu ni kosa. Na kifua kipana si ushahidi kwamba mwenye nacho halali macho kwa wasiwasi wa mtihani.

Hatari ya kukisia miili ya watu ilidhihirika katika jambo la wanawake. Mwaka 1873 Daktari Edward Clarke wa Boston alitoa kitabu kilichodai kwamba masomo ya chuo, yakifanywa kama yafanywavyo na wanaume, huudhuru mwili wa mwanamke. Dai hilo lingaliweza kuwafungia wasichana milango. Lakini huko South Hadley, jirani ya Amherst, shule ya Mount Holyoke, iliyofunguliwa na Mary Lyon mwaka 1837, ilikuwa imekwisha kuweka mazoezi ya viungo katika ratiba ya wasichana, miaka zaidi ya ishirini kabla ya jumba la Barrett. Kisha wanawake waliohitimu vyuoni walipelekeana maswali juu ya afya zao. 705 wakajibu, na taarifa iliyotolewa mwaka 1885 haikuona kwamba elimu iliwadhuru. Mtu aweza kusema kwamba waliovunjika njiani hawakuwamo katika hesabu hiyo. Ni kweli, lakini Clarke alijenga hoja yake juu ya wagonjwa wachache tu.

Basi historia hii yatufunza nini? Si vipande vya mti wala kinanda. Hivyo vimepitwa na wakati. Lililo kubwa ni uamuzi wa Stearns na Hitchcock kwamba saa ya mwili iandikwe katika ratiba ileile iliyoandikwa saa ya hisabati. Chuo kinachojaza siku nzima kwa mihadhara, kisha kikamwambia mwanachuo atunze afya yake akipata nafasi, kimerudi pale alipoachia Follen. Wahenga walisema mazoea yana taabu, wakimwonea huruma mtu anayeshindwa kuacha alilolizoea. Hitchcock aliitumia taabu hiyo kwa faida: alitaka kijana akiondoka Amherst aone taabu kuuacha mwili wake ukae bure.