Choo Kimoja, Paka Wanne

Siku dadangu alipokuta mkojo wa paka ndani ya begi la nguo za mtoto ambaye hata hajazaliwa, hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akashika tumbo lake la miezi sita, akaniuliza polepole: "Omera, ni mimi au ni hao?"

Hao ni Omena, Posho, Jaber na Kaunta. Paka wanne, nyumba ya vyumba viwili, ploti moja ya kupanga juu kidogo ya soko la Homa Bay. Omena nilikuja naye kutoka Nairobi nilipoacha chuo mwaka wa pili. Hao wengine walijileta mmoja mmoja, na mimi ni yule mtu asiyejua kufunga mlango. Dadangu alikuja kukaa nasi kwa sababu mumewe anafanya kazi mbali, na kliniki iko karibu na kwangu kuliko nyumbani.

Jioni hiyo Mama akapiga simu kutoka Awendo. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu. Hakuuliza habari za kazi wala kama nimekula. Alisema tu, "Nyathina, tafuta gunia."

Kama umekulia upande wetu, kuanzia Migori hadi Homa Bay, gunia hulihitaji kuelezwa. Paka akiharibu, anatiwa ndani, mdomo unafungwa kwa kamba, anapelekwa soko la mbali na kuachiliwa huko. Hakuna anayeita huo ukatili. Wanasema sokoni kuna samaki, atajitafutia.

Mimi nimelibeba hilo gunia. Nilikuwa na miaka kumi. Paka alikuwa dume wa rangi ya kahawia, hakuwa na jina, tulimwita tu "paka wa jikoni". Alikuwa na adabu miaka yote, kisha wiki moja akaanza kuchuchumaa kila mahali: kwenye majivu ya jiko, juu ya kitenge cha Mama, mwishowe ndani ya beseni la unga. Usiku alikuwa analia. Mama akasema amekuwa mjeuri. Binamu yangu akaendesha baiskeli hadi Rongo, mimi nikiwa nyuma na gunia mapajani. Nakumbuka kwamba njia nzima hakulia hata mara moja. Tulipofungua karibu na akina mama wa samaki, hakukimbia. Alitembea hatua tatu, akachuchumaa palepale, akajikaza, na hakuna kilichotoka. Binamu yangu akacheka. Mimi pia nikacheka.

Basi usiku ule wa simu ya Mama sikutafuta gunia. Nilikaa na simu yangu hadi saa tisa usiku nikisoma. Chuoni nilikuwa nafanya historia, na kabla ya karo kuisha kuna kitu kimoja kilinikaa kichwani: kabla hujamhukumu mtu, uliza ametoka wapi. Nikaamua kumpa paka haki hiyohiyo.

Paka wa nyumbani ametoka kwa paka-mwitu anayeitwa kitaalamu Felis lybica, mnyama wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati. Bado yupo hata katika nyika za Kenya, na ukimwona kwa mbali unaweza kudhani ni paka wa jirani aliyepotea. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja, na paka wakafuata panya. Hakuna aliyemfunga paka kamba na kumlazimisha kama ng'ombe. Mwaka 2004 watafiti walitangaza kaburi walilolipata katika kisiwa cha Saiprasi, lenye umri wa takriban miaka 9,500, ambamo mtu na paka walizikwa karibukaribu. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo kuna mtu aliyempandisha paka chomboni akavuka naye bahari.

Sasa sikiliza sehemu inayohusu godoro lako. Mnyama aliyezoea nchi kavu hawezi kupoteza maji ovyo. Figo za paka hukamua maji na kuyarudisha mwilini, kinachobaki ni mkojo mzito sana. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa felinini, ambacho kikivunjika hutoa ile harufu inayokaa kwenye nguo wiki nzima. Madume wasiohasiwa wanayo nyingi zaidi. Kwa paka, ile harufu ni barua. Anaiacha ukutani akiwa amesimama, mkia juu, kuwaambia wengine "mimi nakaa hapa". Akitaka kujisaidia tu, anatafuta udongo laini, anachimba, anachuchumaa, anafukia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mimi miaka yote nilikuwa nayaita jina moja: tabia mbaya.

Kwa maelfu ya miaka hii haikuwa shida ya mtu yeyote. Nyumbani Awendo hatukuwahi kuwa na choo cha paka. Shamba lote la miwa lilikuwa choo chake. Alitoka usiku, akarudi asubuhi, kwisha maneno. Hata Ulaya na Marekani, paka wengi walitolewa nje usiku. Waliowaweka ndani waliwapa boksi lenye mchanga au majivu, na majivu yakatapakaa kwenye miguu, kwenye sakafu, kwenye vitanda.

Halafu ikaja Januari 1947. Katika mji mdogo wa Cassopolis, jimbo la Michigan, kulikuwa na kijana anayeitwa Ed Lowe, ametoka jeshi la majini, anafanya kazi katika biashara ya babake ya kuuza vifaa vya kunyonya mafuta yaliyomwagika viwandani. Jirani akaja kuomba mchanga wa paka kwa sababu wake ulikuwa umeganda kwa baridi. Lowe akampa punje za udongo mkavu, aina ya udongo ambao zamani mafundi wa nguo waliutumia kutoa mafuta kwenye sufi. Jirani akarudi kuomba tena. Lowe akajaza mifuko ya ratili 5, akaandika jina kwa mkono, akataka iuzwe senti 65. Mwenye duka akamwambia hakuna mtu atalipa pesa hiyo wakati mchanga ni bure. Lowe akasema, basi wape bure kwanza. Walirudi na pesa mkononi. Mwaka 1990 aliuza biashara yake kwa takriban dola milioni 200.

Hiyo stori inapenda kusimuliwa kama ya hasla aliyetoboa, na mimi kama mwandishi wa kuungaunga ninaipenda pia. Lakini iangalie kutoka upande wa paka. Udongo ule ulifanya iwezekane kumfungia mnyama ndani maisha yake yote, ghorofa ya saba, bila harufu kutoka kwenye mlango. Ulitatua shida ya pua yetu na sakafu yetu. Paka hakuulizwa. Katika miaka 9,500 ya kuishi pamoja, huu mpango wa boksi la udongo wa dukani hauna hata miaka 100. Akikosea ndani ya boksi tunasema ameharibika, ilhali mgeni hapo ni boksi.

Asubuhi nilitoka nje nikipanga foleni ya choo. Ploti yetu ina nyumba nane na choo kimoja. Unajua hiyo foleni. Unajua kwamba kuna jirani ukimkuta mlangoni unarudi ndani kungoja aondoke. Unajua siku ambayo mtu hajamwaga maji, unafungua mlango, unafunga, unaamua unaweza kuvumilia. Na unajua kwamba usiku, kukiwa na giza na mvua, watu wazima wenye heshima zao hufanya mambo nyuma ya ukuta ambayo hawatakiri kanisani.

Nilisimama pale na karatasi mkononi nikaona nyumba yangu. Paka wanne, beseni moja. Beseni lenyewe nililisukuma kwenye kona nyuma ya mtungi wa gesi, mahali penye njia moja ya kuingia na kutoka. Kaunta, dume mkubwa, alikuwa analala mbele ya hiyo kona mchana kutwa. Nilidhani anapenda baridi ya sakafu. Kumbe alikuwa askari wa choo. Jaber, mdogo kuliko wote, alikuwa anakaa juu ya kabati akingoja, na alipochoka kungoja, begi la nguo laini lilikuwa wazi.

Wataalamu wa tabia za paka wana kanuni rahisi: hesabu paka, ongeza moja, hiyo ndiyo idadi ya vyoo. Na visipangwe mstari mmoja, kwa sababu kwa paka mabeseni matatu yaliyobanana ni choo kimoja kikubwa. Wanne maana yake watano. Nyumba yangu haina nafasi ya mabeseni matano na binadamu wawili na nusu, lakini nilifika manne: moja jikoni, moja chini ya meza yangu ya kuandikia, moja karibu na mlango, na karai pana kibarazani, baada ya kuongea na majirani na kuapa mbele yao. Udongo wa dukani ni bei ya chakula cha wiki, kwa hiyo nachukua vumbi la mbao kwa fundi seremala na kulichanganya na mchanga mkavu. Sitii manukato. Pua ya paka ni kali kuliko yangu, na kinachonukia waridi kwangu kwake ni kelele. Mahali palipoharibiwa naosha kwa sabuni ya unga na maji mengi, kisha jua la Homa Bay linamaliza. Dawa ya klorini niliacha, kwa sababu ikikutana na mkojo hutoa mvuke wa sumu, na ndani kuna mjamzito.

Kuhusu huyo mjamzito: hofu ya Mama haikuwa ushamba. Mwaka 1908, huko Tunis, Charles Nicolle na Louis Manceaux walipata kijidudu kwenye mnyama mdogo wa jamii ya panya, wakakiita Toxoplasma gondii. Ilichukua hadi mwisho wa miaka ya 1960 kuthibitishwa kwamba mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha paka. Mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto tumboni anaweza kuumia. Lakini historia hiyohiyo ina sehemu ya pili: mayai hayo yanahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo yaweze kuambukiza, na watu wengi hukipata kijidudu hiki kwenye nyama isiyoiva vizuri au kwenye udongo na mboga zisizooshwa. Kwa hiyo sheria ya nyumba ni hii: mabeseni yanasafishwa kila siku, na anayesafisha ni mimi, si yeye.

Nilipomweleza, alikuwa anatafuna odowa, lile jiwe laini linalouzwa sokoni kwa wajawazito. Akalitazama mkononi. "Yaani mimi nakula udongo na wao wanaukojolea?" Tulicheka mpaka Omena akakimbia. Kliniki walimwambia vilevile aachane nalo. Anajaribu.

Baada ya wiki mbili watatu walitulia. Posho hakutulia. Alikuwa anaingia kwenye beseni, anatoka, anaingia lingine, analia kidogo. Nikamwona akichuchumaa karibu na viatu vyangu, anajikaza, na hakuna kilichotoka.

Ile picha niliijua. Niliiona Rongo nikiwa na miaka kumi.

Nilimtia kwenye katoni, nikapanda boda hadi kwa daktari wa mifugo, mtu aliyezoea ng'ombe na kuku, aliyenitazama kama nimemletea mjusi. Lakini alipombonyeza tumbo, uso ukabadilika. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, aliniambia, na vijichanga vya madini au ute vinaweza kuiziba. Kibofu kinajaa, sumu inarudi kwenye damu. "Huyu umemuwahi. Wengine wanakuja siku ya tatu, na siku ya tatu hakuna cha kufanya." Alimfungua kwa mpira mwembamba. Nililipa kwa pesa ya makala mawili ambayo sijaandika bado.

Posho yuko hai. Anakunywa maji zaidi, na omena wake sasa anachemshwa na supu.

Nilimpigia Mama jioni hiyo. Nilimweleza habari za Posho, halafu nikamkumbusha yule dume wa jikoni, beseni la unga, kilio cha usiku. Upande wa pili kukawa kimya. Nikasikia akivuta kiti.

"Kwa hiyo hakuwa mjeuri," akasema.

"Hapana, Mama. Alikuwa anaomba msaada."

"Na sisi tukampeleka sokoni."

Sikuwa na jibu. Gunia lilikuwa mapajani mwangu, si mwake. Tulikaa hivyo, salio likiisha, hadi akauliza kama huyo mgonjwa amekula. Nikamwambia amekula.

"Sawa," akasema. "Na begi la mtoto ulifunge zipu."