Majaribio ya kiotomatiki ya ontolojia

Majaribio ya kiotomatiki ya ontolojia ni matumizi ya programu za kompyuta kukagua kama ontolojia imeundwa vizuri, haijipingi yenyewe, na inaweza kujibu maswali iliyokusudiwa kuyajibu. Majaribio hayo hufanyika kila mara ontolojia inapobadilishwa, bila kusubiri mtu aisome yote upya. Yana umuhimu wa pekee kwa wanaofuata mbinu za ajaili, yaani namna ya kuunda programu kwa vipande vidogo na kutoa matoleo mapya mara nyingi.

Maana ya ontolojia

Katika falsafa, ontolojia ni elimu juu ya kuwepo kwa vitu. Katika sayansi ya kompyuta neno hilo lina maana nyingine: ni maelezo rasmi ya dhana za fani fulani pamoja na mahusiano yake, yaliyoandikwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuyatumia. Lugha inayotumika sana kwa kazi hiyo ni OWL, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2004. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 2009.

Kwa mfano, ontolojia ya wanyama inaweza kusema kwamba kila samaki ni mnyama, kila mamalia ni mnyama, na hakuna mnyama aliye samaki na mamalia kwa pamoja. Mwandishi mmoja akimweka nguva chini ya mamalia, kama biolojia inavyofundisha, na mwingine akamweka chini ya samaki kwa kuwa anaishi baharini na hunaswa katika nyavu za wavuvi, ontolojia hiyo imedai jambo lisilowezekana. Katika orodha ya dhana 20 kosa hilo huonekana kwa macho. Katika SNOMED CT, ontolojia ya tiba yenye dhana zaidi ya 300,000, ni vigumu kuliona bila msaada wa kompyuta.

Historia

Mwaka 1995 Michael Grüninger na Mark Fox wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walipendekeza kwamba kabla ya kuunda ontolojia yaandikwe kwanza maswali ambayo itapaswa kuyajibu. Maswali hayo huitwa maswali ya umahiri. Yanafanana na mtihani ulioandaliwa kabla ya somo kufundishwa: mwisho wa kazi hujulikana kama lengo limefikiwa au la.

Mwaka 2001 waandishi 17 wa programu walikutana katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko la ajaili. Moja ya desturi zilizoenea pamoja na mbinu hizo ni kuandika jaribio kwanza, kisha programu itakayolifaulu. Baadaye wataalamu wa ontolojia walichukua desturi hiyo. Mwaka 2009 Valentina Presutti na wenzake walieleza mbinu ya eXtreme Design. Mwaka 2016 Silvio Peroni wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, alieleza mbinu ya SAMOD. Mwaka huohuo C. Maria Keet wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, na Agnieszka Ławrynowicz wa Poznań, Polandi, walionyesha jinsi ya kujaribu sentensi ya ontolojia kabla ya kuiingiza.

Aina za majaribio

Majaribio ya ontolojia yanaweza kugawanywa katika makundi manne.

1. Majaribio ya mantiki. Programu ya kutoa hitimisho husoma sentensi zote na kutafuta yale yanayofuata kutokana nazo. Ikikuta dhana isiyoweza kuwa na mfano hata mmoja, kama nguva wa hapo juu, huitaja. Programu za namna hiyo ni pamoja na HermiT, Pellet na ELK. ELK hutumika hasa kwa ontolojia kubwa kwa sababu ya kasi yake.

2. Majaribio ya maswali. Swali la umahiri huandikwa kwa lugha ya SPARQL na kuulizwa kwa data chache ambazo jibu lake linajulikana. Jibu likitofautiana na lile lililotarajiwa, jaribio limeshindwa.

3. Majaribio ya umbo la data. Hapa hutumika lugha ya SHACL, iliyopitishwa na W3C mwaka 2017. Huonyesha, kwa mfano, kwamba kila mwanafunzi lazima awe na namba moja ya usajili.

4. Majaribio ya uandishi. Hukagua kama kila dhana ina jina na ufafanuzi, kama jina moja halijapewa dhana mbili, na kama dhana haijawekwa chini yake yenyewe kwa kuzunguka.

Kundi la kwanza na la tatu huchanganywa mara nyingi na wanaoanza. Katika OWL, habari inayokosekana haihesabiwi kuwa kosa. Mwanafunzi asiye na namba ya usajili huchukuliwa kuwa anayo, ila haijatajwa. Vilevile, ikiwa imeandikwa kwamba anayefundisha ni mwalimu, kisha data ikasema kwamba jiwe fulani linafundisha, programu ya hitimisho haitalalamika. Itahitimisha kwamba jiwe hilo ni mwalimu. Italalamika pale tu ontolojia itakapoeleza pia kwamba hakuna jiwe lililo mwalimu. Kwa sababu hiyo majaribio ya mantiki peke yake hayatoshi.

Programu zinazotumika

ROBOT ni programu ya bure iliyoelezwa katika makala ya kisayansi mwaka 2019, na hutumika sana katika ontolojia za biolojia. Amri yake ya "reason" huendesha programu ya hitimisho, "report" hukagua uandishi na kupanga makosa kwa uzito wake, na "verify" huendesha maswali ya SPARQL yaliyoandikwa na mtumiaji ili kutafuta makosa. Swali la "verify" likipata jibu lolote, jaribio limeshindwa.

OOPS! ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Madrid, Hispania, na María Poveda-Villalón na wenzake. Hutumika kupitia wavuti na hutafuta makosa yanayorudiwa mara nyingi na waundaji wa ontolojia. Kila kosa huonyeshwa kuwa ni zito, la maana au dogo.

TDDOnto ilitokana na kazi ya Keet na Ławrynowicz. Ni nyongeza ya Protégé, programu ya kuhariri ontolojia iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford.

Mfano: Gene Ontology

Gene Ontology ilianzishwa mwaka 1998 na watunzaji wa hifadhidata za jeni za inzi wa matunda, panya na hamira. Inaeleza kazi za jeni kwa makumi ya maelfu ya dhana. Jeni ikiunganishwa na dhana ndogo, huhesabiwa pia kuwa chini ya dhana zote zilizo juu yake. Kwa hiyo dhana moja ikiwekwa mahali pasipo pake, kosa hupanda hadi juu na kuingia katika hesabu za watafiti wanaotumia orodha hizo kuchunguza maradhi.

Ili kuzuia hilo, mabadiliko hupitia ukaguzi wa kiotomatiki. Baadhi ya kanuni huhusu makundi ya viumbe. Utoaji wa maziwa, kwa mfano, umewekewa mpaka kwamba hutokea kwa mamalia tu. Mtu akiunganisha jeni ya kuku na dhana hiyo, kanuni hudhihirisha kosa. Huenda jeni ndiyo iliyounganishwa vibaya, au huenda dhana ilipangwa vibaya, na hapo ni juu ya wataalamu kuamua.

Mipaka

Majaribio hupima mantiki na umbo, hayapimi ukweli. Kama waandishi wote wangemweka nguva chini ya samaki, na hakuna aliyemtaja kuwa mamalia, kusingekuwa na mgongano na jaribio lingefaulu.

Lugha nazo zina ugumu wake. Ontolojia ya viungo vya mwili inaweza kutenganisha kiungo kizima kuanzia begani na sehemu yake kuanzia kiganja hadi vidole, lakini Kiswahili huita vyote viwili "mkono". Anayeingiza majina ya Kiswahili atakutana na kanuni inayokataza jina moja kwa dhana mbili. Programu itamwonyesha kwamba jina limerudiwa. Haiwezi kumwambia jina gani litaeleweka na muuguzi au mgonjwa, na uamuzi huo hubaki kwa watu wanaoijua fani na lugha yenyewe.

Tazama pia

Hifadhidata
Mantiki
Programu ya kompyuta
Sayansi ya kompyuta