Umanjano si homa

Kiswahili kimeyapa jina moja mambo mawili yasiyohusiana sana. Cheti cha chanjo anachodaiwa msafiri uwanja wa ndege ni cha homa ya manjano, maradhi ya virusi yanayoenezwa na mbu. Mtoto mchanga aliyebadilika rangi siku ya tatu naye husemwa ana homa ya manjano, ingawa hakuumwa na mbu yeyote. Hali hii ya pili yafaa iitwe umanjano, na tatizo la jina la zamani limo hasa katika neno homa.

Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120. Zikivunjika hutoa bilirubini, ambayo ini huichukua na kuitoa kwa njia ya nyongo. Kwa mtu mzima mwenye afya haizidi sana miligramu 1 kwa desilita moja ya damu. Ikifika 2 au 3, weupe wa macho huanza kugeuka. Katika mkondo huo hakuna kinachopandisha joto. Mgonjwa akichemka au kutetemeka kwa baridi, kilicholeta umanjano ndicho kilicholeta na homa. Malaria kali huweza kuleta vyote viwili. Njia ya nyongo ikiziba kisha ikaingiliwa na bakteria, huja homa, maumivu ya tumbo na umanjano, dalili tatu alizozieleza daktari Mfaransa Charcot mwaka 1877. Lakini saratani ya kongosho huweza kumgeuza mtu manjano kabisa huku kipimajoto kikionyesha hali ya kawaida. Hata katika homa ya ini aina ya A (jina jingine lenye homa ndani yake, tuliache kwa leo) joto aghalabu hutangulia, na hushuka macho yanapoanza kugeuka.

Atakayepinga atasema watu wamekwisha lizoea jina, na mazoea ndiyo sheria ya lugha. Hoja hiyo ina uzito kwa majina yasiyodhuru. Hili lina madhara: mzazi aliyeambiwa homa humgusa mtoto kipaji cha uso, na asiposikia joto hutulia. Zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa kwa miezi yao hupata umanjano wiki ya kwanza, na wengi hupona wenyewe. Ila bilirubini ikizidi mno hupenya ubongoni na kuacha uziwi au ulemavu wa kudumu, bila paji la uso kuwa moto. Tena mtoto mchanga mwenye maambukizo makali huweza kupoa badala ya kuchemka. Kipimajoto kina kazi yake, hasa chini ya taa za buluu, tiba ya umanjano iliyotangazwa Uingereza mwaka 1958: mtoto hulazwa bila nguo, macho yamefunikwa, na huweza kupigwa na baridi au kupata joto la kupita kiasi.

Wengine watasema umanjano ni rangi tu, na mla karoti nyingi naye hugeuka ngozi. Kweli, lakini macho yake hubaki meupe. Na jina la rangi linafaa, kwa kuwa hii ni dalili, si ugonjwa. Safura, neno lenye asili ya unjano katika Kiarabu, lingefaa pia, ila limekwisha chukuliwa na maradhi ya minyoo.

Mtoto akigeuka manjano ndani ya saa 24 za kwanza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, awe na joto au asiwe nalo.