Hisani, Ukumbusho na Elimu ya Juu: Mfuko wa Gandhi na Chimbuko la Chuo Kikuu cha Nairobi, 1948–1970

1.0 Utangulizi

Historia ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kama historia ya serikali: tume za kikoloni, Hati za Kifalme na sheria za Bunge. Katika masimulizi hayo, michango ya wananchi na jumuiya zao hutajwa kwa sentensi moja au mbili kisha ikaachwa. Insha hii inachunguza mfuko mmoja wa hisani, ule uliochangishwa na jamii ya Waasia wa Afrika Mashariki kwa ajili ya kumkumbuka Mohandas Gandhi, na nafasi yake katika kuzaliwa kwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Hoja kuu ni kwamba alama kubwa zaidi ya mfuko huo imo katika mtaala kuliko katika majengo. Wachangiaji waliacha azma ya kumiliki chuo chao wenyewe, na kwa kufanya hivyo wakaingiza masomo ya sanaa, sayansi na biashara katika taasisi iliyokusudiwa kuwa ya ufundi.

2.0 Usuli wa utoaji

Utoaji kwa ajili ya elimu na huduma za umma haukuwa jambo geni kwa Waasia wa pwani na bara. Mwaka 1906 mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliupa mji wa Nairobi bustani ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Huko Mombasa, shule inayobeba jina la Alidina Visram ilijengwa na mwanawe kwa kumkumbuka baba yake. Utoaji wa namna hii ulikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja ulikuwa sadaka. Kwa upande mwingine ulikuwa njia ya jamii isiyo na nguvu kubwa za kisiasa kujipatia huduma ambazo serikali ya kikoloni iliyagawa kwa misingi ya rangi.

Elimu ya juu ndiyo iliyokuwa pengo kubwa zaidi. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922 na kupata hadhi ya Chuo Kikuu Kishiriki mwaka 1949, ilijengwa kwanza kwa ajili ya Waafrika. Kijana wa Kiasia aliyemaliza sekondari Nairobi, Kampala au Dar es Salaam alitazamia kwenda India au Uingereza, na gharama za safari hiyo ziliwezwa na wachache. Sera ya Uingereza baada ya ripoti ya Tume ya Asquith ya mwaka 1945 ilielekea kukuza chuo kikuu kimoja katika kila kanda, na kwa Afrika Mashariki chuo hicho kilikuwa Makerere. Kwa hiyo, mpango wa serikali ya Kenya wa mwaka 1947 kwa ajili ya Nairobi ulihusu taasisi ya ufundi na biashara tu. Kufikia mwaka 1949 mpango huo ulikuwa umepanuliwa ili uhudumie nchi zote za kanda, na Septemba 1951 ulipewa Hati ya Kifalme kwa jina la Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Afrika Mashariki.

3.0 Kuanzishwa kwa mfuko

Gandhi aliuawa New Delhi tarehe 30 Januari 1948. Miongoni mwa Wahindi wa Afrika Mashariki, huzuni hiyo iligeuka kuwa azma ya kujenga ukumbusho ulio hai: chuo cha sanaa, sayansi na biashara. Jumuiya ya Chuo cha Ukumbusho wa Gandhi iliundwa ili kusimamia uchangishaji. Apa Pant, aliyeiwakilisha India katika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1948 hadi 1954, alikuwa miongoni mwa waliouhimiza mpango huo, na chuo kilikusudiwa kuwapokea wanafunzi wa jamii zote.

Kusudio hilo lina uzito likitazamwa katika wakati wake. Kugawanyika kwa India na Pakistan mwaka 1947 kulivuka bahari: kufikia uchaguzi wa mwaka 1952, wapiga kura wa Kiasia nchini Kenya walikuwa wametenganishwa katika orodha mbili, ya Waislamu na ya wasio Waislamu. Katika mazingira hayo, ukumbusho wa Gandhi ungeweza kuonekana kuwa mradi wa Wahindu peke yao. Kuufungua kwa watu wa rangi zote kulikuwa utekelezaji wa mafundisho ya mtu aliyekumbukwa. Vilevile kulikuwa kinga ya kisiasa, kwani chuo cha jamii moja kisingepata kibali kwa urahisi wala kudumu kwa muda mrefu.

4.0 Kutoka chuo cha jumuiya hadi ubia

Jiwe la msingi la Chuo cha Kifalme cha Ufundi liliwekwa Aprili 1952. Mji mmoja sasa ulikuwa na mipango miwili ya elimu ya juu. Jumuiya ilikuwa na mambo mawili ya kupima. Fedha za kuchangisha hujenga kuta, lakini mishahara ya wahadhiri, vitabu na maabara hudai fedha kila mwaka. Pia, shahada bila hadhi inayotambuliwa haina thamani kwa mwanafunzi, na utambuzi huo ulikuwa mikononi mwa serikali na vyuo vikuu vya Uingereza. Ili kuepuka kurudufu juhudi, pande mbili zilikubaliana kuunganisha nguvu, na Aprili 1954 Chuo cha Ukumbusho wa Gandhi kiliingizwa ndani ya Chuo cha Kifalme cha Ufundi.

Wanafunzi wa kwanza walipokewa Aprili 1956. Sherehe mbili za mwaka huo zinaonesha urithi wa pande mbili uliobebwa na chuo. Mwezi Julai, Makamu wa Rais wa India, Sarvepalli Radhakrishnan, alizindua sanamu ya Gandhi chuoni. Mwezi Oktoba, Binti Mfalme Margaret wa Uingereza alikifungua chuo rasmi. Taasisi moja ilibeba jina la ufalme na, papo hapo, ukumbusho wa mtu aliyeupinga ufalme huo.

Matokeo ya ubia yalidhihirika upesi. Mahitaji ya wanafunzi yalielekea kwenye elimu ya chuo kikuu kuliko ufundi peke yake, na mwaka 1958 kikundi kilichoongozwa na J. F. Lockwood wa Chuo Kikuu cha London kilipewa kazi ya kupendekeza njia ya kukibadili chuo. Tarehe 25 Juni 1961 kilikuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha pili katika Afrika Mashariki, na vitivo vya sanaa, sayansi na uhandisi vikaanza kuandaa wanafunzi kwa shahada za London. Viwili kati ya vitivo hivyo vitatu vilihusu masomo ambayo Jumuiya ya Gandhi iliyakusudia tangu mwanzo. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu nyingi, lakini chuo cha ufundi mtupu kingekuwa na safari ndefu zaidi kuyafikia.

5.0 Ulinganisho: Mombasa

Mfano wa Mombasa unaliweka suala hili wazi zaidi. Katika miaka hiyohiyo, Aga Khan III, Sultani Khalifa bin Haroub wa Zanzibar na jamii ya Mabohora walichangia, pamoja na serikali ya kikoloni, kuanzishwa kwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Taasisi hiyo ilikusudiwa kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, kundi lililokuwa limeachwa nyuma na shule za misheni. Lengo lilikuwa la haki, ila walengwa walitajwa kwa dini yao. Baada ya uhuru, mwaka 1966, iligeuzwa jina kuwa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, kisha Politekniki ya Mombasa mwaka 1972, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Mifuko yote miwili iliishia katika vyuo vikuu vya umma. Tofauti iko katika namna ya kufika huko. Mfuko wa Mombasa ulifunguliwa kwa wote na mabadiliko ya dola. Ule wa Nairobi ulikuwa umejifungua wenyewe kabla ya uhuru. Jumuiya ya Gandhi ilipoteza chuo, lakini haikupoteza kusudi.

6.0 Hitimisho

Mei 1964 Nairobi ikawa Chuo Kikuu Kishiriki ndani ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 ikawa chuo kikuu cha kwanza cha taifa la Kenya. Jina la Gandhi lilibaki kwenye jengo, maktaba na sanamu, ambayo Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliivisha shada la maua Julai 2016. Hata hivyo, kuupima mfuko kwa mabaki hayo ni kuupunja.

Sheria ya Kiislamu inautambua wakfu kuwa mali isiyorudi kwa mtoaji, ambayo manufaa yake huendelea kwa walengwa. Mfuko wa Gandhi haukuwa wakfu kisheria, lakini historia yake inafuata mantiki hiyo. Waliochanga walikabidhi udhibiti ili manufaa yaendelee, na walioyapata manufaa hayo wengi wao walikuwa watoto wa watu ambao mwaka 1948 hawakuwa na nafasi ya kukaa katika darasa moja na watoto wa wachangiaji. Historia ya elimu ya juu nchini Kenya haitakamilika iwapo mchango huo utaendelea kusomwa kama tanbihi ya historia ya serikali.