Pamba, Ngoma na Mnada: Tarehe ya Starehe za Bariadi

Starehe za Bariadi hazikuanzia baa wala ukumbini. Zilianzia kwenye kiangazi. Mbegu ya pamba huingia ardhini Novemba na Desemba, mvua zote huishia kwenye palizi, na kuanzia Mei watu huchuma, hutenganisha safi na fifi, kisha hupeleka mizigo kwenye mizani. Fedha ikishafika mkononi na jembe likapumzishwa, ndipo watu wa Bariadi hutoka. Atakayeandika habari za mapumziko ya mji huu bila kugusa pamba atakuwa ameandika nusu ya habari.

Hata pamba yenyewe iliikuta desturi hiyo. Kabla Bariadi haijaitwa wilaya, seuze makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, hapa palikuwa nchi ya watemi wa Ntuzu, jirani zao wakiwa Itilima, Kanadi na Dutwa. Wanyantuzu ni Wasukuma wa mashariki, wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa mtama, uwele na viazi vitamu. Baada ya mavuno vijana waliokuwa wakilima pamoja kwa zamu, chini ya kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale, hawakutawanyika. Kundi lile lile lililoshika majembe mashambani ndilo lililoshika ngoma uwanjani. Bugobogobo, ngoma ya wakulima inayochezwa jembe likirushwa na kuzungushwa mkononi huku ngoma kubwa ikiunguruma nyuma, ilizaliwa kwenye kazi hiyo. Leo inachezwa na vikundi vya sanaa nchi nzima, na wengi wanaoipigia makofi mijini hawajui kwamba mapigo yake yalipimwa na watu waliokuwa wakigeuza udongo mweusi wa mbugani.

Jambo lililoipa starehe ya Usukumani moto wake ni ushindani. Katikati ya karne ya 19 waliishi waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana nani kati yao ana dawa kali zaidi ya kuvuta watu. Hawakupigana. Waliamua kucheza ngoma. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, wafuasi wa Gumha wakawa Wagalu, na mgawanyiko huo ukaenea Usukuma yote, Ntuzu ikiwemo, ukavuka ukoo na mipaka ya watemi. Ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kuwa mmoja Mgika na mwenzake Mgalu, wakala sahani moja asubuhi, jioni kila mmoja akasimama upande wake wa uwanja.

Kanuni ya mashindano yao ni nzuri kiasi kwamba nitakaa nayo kidogo. Makundi mawili huingia uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake. Hakuna jopo la waamuzi, hakuna karatasi ya alama. Mtazamaji ndiye hakimu, na kura yake anaipiga kwa miguu: akivutiwa na upande wa pili, anahama. Jua linapoelekea kuzama, kundi lililozungukwa na umati mkubwa ndilo lililoshinda. Kwa sababu hiyo kiongozi wa nyimbo, ningi kwa Kisukuma, hakuweza kulala. Msimu wote wa mvua alikuwa akitunga huku akilima, na maneno yake aliyaficha hadi siku ya uwanja: kumsifu mtemi au kumchoma, kumtania mpinzani, kusema habari za njaa, za kodi, za bei ya ng'ombe. Umati ukianza kupungua, alitoa alichokificha. Kundi moja lilitoa sanamu ya mti inayochezeshwa viungo, jingine lilimleta fisi aliyefugwa, na Bayeye, chama cha wacheza nyoka, walifungua tenga la chatu. Nyuma ya yote palikuwa na samba, dawa ya mvuto ambayo kila kundi liliamini linayo kuliko wenzake.

Ngoma nyingine zilikuwa na upole wake. Katika wigashe vijana wa kike na wa kiume huketi na kuyumba wakiimba, bila kurusha miguu. Banungule, wawindaji wa nungunungu, walicheza wakionyesha ufundi wa kuingia shimoni. Wazee hawakuhitaji uwanja: isolo, bao la Wasukuma, liliwatosha chini ya mti, na ushindani wake haukuwa mdogo kuliko wa ngoma.

Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928 ikipita Malampaka, upande wa Maswa, na pamba ikapata njia ya kutokea. Biashara yake ilipokua, wakulima wenyewe wakajipanga. Mwaka 1955 ilianzishwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo jina la kiongozi wake, Paul Bomani, halitenganishwi nayo, na fedha ya pamba ikaanza kuonekana majumbani: baiskeli, redio, cherehani, kanga za mke. Baiskeli ilibadili starehe kuliko tunavyokumbuka. Kijana wa Nkololo aliyekuwa akisikia tu habari za ngoma ya Dutwa sasa angeweza kwenda, kuangalia, na kurudi kabla ng'ombe hawajatolewa zizini. Mashindano ya mbio za baiskeli ambayo hadi leo hukusanya watu barabarani Kanda ya Ziwa yana mizizi kwenye miaka hiyo, chombo kilipokuwa cha kujivunia mbele ya wenzio.

Serikali ilifuta utemi mwaka 1963, na watemi walikuwa wadhamini wakubwa wa ngoma. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa, visirudi mpaka sheria ya 1982. Wagika na Wagalu waliyapita yote mawili. Walipokosa mtemi wa kumchezea walicheza mbele ya viongozi wa chama na serikali, na nyimbo za kumsifu mtemi zikageuzwa kuwa za kuhimiza kilimo. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alikuwa ameshaileta ngoma kwenye uwanja wa kanisa, na sherehe ya Bulabo inayofuata Sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni ikawa mahali pa makundi mawili kukutana kila mwaka. Ntuzu haikuwa na Bujora yake. Ilikuwa na mnada.

Mnada ndio matembezi ya kweli ya mtu wa Simiyu. Kila sehemu ina siku yake, na wafanyabiashara huzunguka nazo: leo hapa, kesho kutwa kule. Jina lake ni la ng'ombe, maana ng'ombe ndio huanza. Alfajiri huswagwa kutoka vijijini, na hadi saa nne madalali wameshapatana na wanunuzi. Lakini waliofuata ng'ombe ni wachache kuliko waliofuata mnada wenyewe. Mama huenda na kuku wawili na kurudi na sufuria. Wasichana hupitia mitumba nguo moja moja. Mzee anakutana na shemeji ambaye hajamwona tangu msiba wa mwaka jana, wanasalimiana kwa mwadila, salamu ndefu ya Kisukuma yenye kuulizana ng'ombe, watoto na mvua, na hapo ndipo habari za ukoo husafiri. Anayesema mtu wa kijijini hana matembezi hajawahi kusimama mnadani.

Na mnadani ndipo tunapokula. Mbuzi au ng'ombe huchinjwa palepale, nyama hubanikwa kwenye kuni, hukatwa kwa kisu mbele yako, chumvi na pilipili pembeni, ugali kwenye sahani moja ya watu wanne. Supu huuzwa asubuhi kwa waliotembea usiku. Siwezi kuifananisha nyama hiyo na ile ya hotelini. Ng'ombe wa Meatu na Itilima aliyekula nyasi za mbugani ana ladha yake, na hajasafiri siku tatu ndani ya lori kabla ya kuchinjwa. Pembeni utawakuta akina mama wa matobolwa na michembe. Viazi vitamu vikichemshwa, vikakatwa na kuanikwa, ni matobolwa. Vikikatwa vibichi na kuanikwa, ni michembe. Vyote hukaa ghalani miezi mingi, na vikiliwa na karanga au maziwa ya mgando humtosha mtu kwa siku nzima. Miaka ya njaa ndivyo vilivyotuvusha. Leo ni kitafunwa cha matembezi, mtoto hununuliwa akiwa mgongoni, na inafurahisha kukiona chakula cha dhiki kikiliwa kwa raha.

Kulikuwa pia na jambo la jioni ambalo halifai kufichwa. Watu walipoanza kutawanyika kutoka ngomani au mnadani, vijana waliwazunguka wasichana njiani wakimtaka kila mmoja achague mwanamume: chagulaga. Wengi huieleza kama mchezo wa uchumba, na ndoa zilitokana nao. Lakini msichana aliyezungukwa gizani na wanaume kumi hana uhuru wa kuchagua, na wapo walioumizwa. Desturi hiyo imepigwa vita na viongozi na wazazi, na kupungua kwake ni hatua kubwa kuliko jengo lolote tulilojenga. Starehe ambayo nusu ya watu wanaiogopa haijawa starehe ya mji.

Machi 2012 Mkoa wa Simiyu ulitangazwa, ukachukua Bariadi, Maswa, Meatu na Itilima kutoka Shinyanga na Busega kutoka Mwanza, makao makuu yakiwa Bariadi. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Ile ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Maofisa walihamia, benki zikafunguliwa, nyumba za wageni zikaota kando ya barabara. Pamoja nao ikaja lami: kilometa 171.8 kutoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi. Kipande cha Bariadi hadi Lamadi, kilometa 71.8, ndicho kilichobadili meza zetu. Zamani samaki wa ziwani alitufikia akiwa mkavu, dagaa au kayabo. Sasa sato aliyevuliwa Ghuba ya Speke usiku hukaangwa Bariadi mchana wake, na wenye nafasi hupanda gari Jumamosi wakaenda kumla huko huko Lamadi, upepo wa ziwa ukiwapiga.

Jioni ya Bariadi ya leo ina mwanga mwingi. Jiko la chipsi huwashwa jua likizama, mishikaki hufuata, bodaboda hujipanga wakisubiri wanaotoka. Kwenye vibanda vya mpira viti hujaa saa nzima kabla ya mechi, hasa Simba na Yanga wanapokutana. Nikiwaangalia vijana wale nawaona Wagika na Wagalu: pande mbili, utani mkali, ndugu wa nyumba moja wasioketi benchi moja. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, zote Dar es Salaam. Zilipofika Ntuzu zilikuta watu waliokwisha kujifunza kwa vizazi vingi kushindana bila kuvunja undugu. Tofauti ni kwamba kwenye kibanda wanaoshindana wako mbali, na mtazamaji hana kura. Akihama benchi, goli halihami.

Uwanja mkubwa tulioupata ni Nyakabindi. Maonyesho ya Nanenane ya kitaifa yalifanyika hapo mwaka 2018, yakarudi 2019 na 2020, na sasa ndipo mahali pa Nanenane ya Kanda ya Ziwa Mashariki. Familia huenda zikiwa zimevaa nguo za sikukuu kuona ng'ombe wa kisasa, mashine za kilimo, chaki za Maswa na maziwa ya Meatu. Vikundi vya ngoma hualikwa, hucheza robo saa mbele ya jukwaa la wageni rasmi, kisha hushukuriwa. Nimewatazama wakishuka na jasho halijatoka. Ngoma iliyoundwa kupigania umati kutwa nzima hubanwa ikawa salamu kwa mgeni. Watoto wanaoiona hivyo wataidhani ni mavazi na njuga tu, kwa kuwa hawajaona umati ukihama kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda wa pili, na ningi akitafuta wimbo wa kuurudisha.

Nyimbo zile hazikosi thamani machoni pa wengine. Mwaka 2010 Mmarekani Frank Gunderson alichapisha kitabu kizima cha nyimbo za kazi za Wasukuma. Sisi wenyewe tuna Sibuka FM pale Maswa, tuna walimu, tuna simu zenye kurekodi mikononi mwa vijana.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Halmashauri ya Mji itenge Nyakabindi, angalau siku mbili za kila Agosti, kwa mashindano kamili ya Wagika na Wagalu: pande mbili za uwanja, kuanzia adhuhuri hadi jua kuzama, bila jukwaa na bila waamuzi, ulinzi wa njiani ukiwa wa uhakika ili mabinti warudi nyumbani salama. Na wewe msomaji wa Ntuzu, kama babu yako alikuwa ningi, mfuate kiangazi hiki kabla mvua hazijaanza, umrekodi nyimbo zake zote pamoja na majina ya waliozijibu.